Kurudisha si Kutoa Zawadi: Kinyago cha Kimakonde na Amri ya Saba

Tarehe 13 Mei 2010 kinyago kimoja cha Kimakonde kilirudi Tanzania kutoka Geneva, Uswisi. Magazeti yalilipokea jambo hilo kwa furaha, na ilistahili. Nami sipungukiwi na furaha hiyo. Hata hivyo katika makala hii nakusudia kuhoji neno moja lililotumika siku zile, kwa kuwa neno hilo lagusa mafundisho ambayo sisi wachungaji twayafundisha kila mwaka katika darasa la kipaimara, mara nyingi bila kuyatafakari vya kutosha.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba kinyago hicho pamoja na vitu vingine kadhaa. Mwaka 1985 Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo ni ya watu binafsi, yalikinunua huko Paris. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, akakitambua kuwa ni mali iliyoibwa, na Tanzania ikaarifiwa. Kuanzia hapo ilichukua miaka ishirini. Mwaka 2006 serikali yetu ililifikisha shauri mbele ya kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji wa mali za utamaduni, na Baraza la Kimataifa la Makumbusho (ICOM) likawa mpatanishi. Hatimaye hati ikatiwa sahihi Paris tarehe 10 Mei 2010. Na katika hati hiyo, Makumbusho ya Barbier-Mueller hayakusemwa kuwa yamerudisha mali ya mwenyewe. Yalisemwa kuwa yametoa zawadi.

Yamkini msomaji atauliza: kuna ubaya gani? Kinyago kimerudi, tena bila kesi na bila matusi. Wapatanishi wana hekima yao, na mimi sikukaa mezani pale. Lakini neno “zawadi” lina maana yake katika Kiswahili na katika imani. Zawadi hutolewa na mwenye mali. Anayepokea zawadi hushukuru, na anayeshukuru hana la kudai tena. Mtu akiokota jembe langu shambani kwa jirani, akalikuta na alama ya jina langu, kisha akaniletea na kusema “nakuzawadia,” nitalipokea kwa kuwa nalihitaji kulima, lakini hatatoka mlangoni pangu kabla sijamsahihisha.

Ni haki kuwasikiliza pia wa upande wa pili. Walisema walinunua kwa nia njema, na hakuna ushahidi kwamba walijua kinyago kimeibwa. Tena sheria ya Uswisi ya siku zile iliwapa ngome. Kwa sheria ile, aliyeibiwa alikuwa na miaka mitano tu ya kudai kitu chake kutoka kwa mtu aliyekinunua kwa nia njema; baada ya hapo mlango ulifungwa. Hebu tuhesabu: wizi 1984, kutambuliwa 1990. Mwaka mmoja ulikuwa umekwisha kupita! Uswisi ilijiunga na mapatano ya UNESCO ya 1970 mwaka 2003, na mwaka 2005 sheria mpya ilirefusha muda huo hadi miaka thelathini kwa mali za utamaduni. Tanzania ilikuwa imekwisha kujiunga na mapatano hayo tangu 1977, lakini mlinzi mmoja hafai kitu ikiwa nyumba ya mnunuzi haina mlinzi.

Hapa ndipo Katekisimo Ndogo ya Luther inapotusaidia kuliko sheria ya Uswisi. Katika maelezo ya amri ya saba, Luther hakuishia kwa yule anayevunja mlango usiku. Aliingiza pia mali inayopatikana kwa bidhaa mbovu na biashara ya hila. Na katika amri ya tisa, kwa hesabu yetu Walutheri, akaenda mbele zaidi: akamshutumu anayejipatia mali ya jirani kwa kivuli cha haki. Alijua kwamba karatasi safi inaweza kufunika mkono mchafu. Soko la sanaa huishi kwa karatasi za namna hiyo. Kitu hutoka kwa mwizi, hupita kwa dalali, hufika kwa mfanya biashara wa mji mkubwa, na kila hatua huondoa tope kidogo, hata kinapofika katika kabati la kioo kina taa juu yake na maelezo mazuri chini yake.

Zakayo wa Luka 19 huhubiriwa sana kuhusu mti na ufupi wake, mahubiri ambayo nimechoka kuyasikia, yangu mwenyewe yakiwamo. Ni nadra kuangalia hesabu zake. Zakayo alifungua hesabu mbili. Nusu ya mali yake aliwapa maskini: hiyo ni zawadi. Wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne: hayo ni malipo. Hakuzichanganya. Hati ya Paris ilizichanganya, na kwa kufanya hivyo ilimruhusu mtu aonekane mkarimu mahali ambapo alipaswa kuonekana mwadilifu tu.

Hali kadhalika jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu huu. Mijikenda wa pwani husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Kigango hakiondolewi mahali pake. Hukaa hapo kikaliwa na mvua na mchwa. Mwaka 1985 mtaalamu wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka mingi ilipita kabla ya kuviona tena katika makumbusho ya vyuo viwili vya Marekani, na ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi. Kimoja kilirejeshwa kwa jamaa mwaka 2007. Mamia ya vingine vilikuwa vimesambaa katika makumbusho ya Marekani, vingine vikiwa vimetolewa na matajiri kama, naam, zawadi.

Lakini tusimwangalie Mzungu peke yake. Aliyeng'oa kigango mara nyingi alikuwa kijana wa hapo hapo, mwenye njaa. Na Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu, tangu takriban 1968 hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Lakini picha zenye sahihi yake zimeendelea kuzaliwa baada ya kifo chake. Mwanafunzi kuiga mtindo wa mwalimu si kosa, kwani ndivyo ufundi unavyorithiwa. Kuandika jina la marehemu chini ya kazi yako ili bei ipande, huko ni kushuhudia uongo.

Nami nina deni langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mjane mmoja hapa Endagikot alinijia baada ya ibada. Alikuwa na sketi ya ngozi ya mama mkwe wake, iliyoshonwa shanga kwa mkono, ya zamani sana, ya namna ambayo mabinti wa Kiiraqw waliivaa walipotoka katika unyago wa marmo, desturi iliyokoma wakati wa ukoloni. Mnunuzi wa vitu vya kale alikuwa amepita, akampa fedha ambazo hazikutosha mifuko miwili ya mahindi. “Mchungaji,” aliniuliza, “nimeuza kitu cha mizimu au nimeuza kitu changu?” Nilimjibu upesi kwamba ni ngozi tu, asiwe na hofu. Nilikuwa na haraka ya kikao. Nilidhani namfungua kutoka katika woga, kumbe nilikuwa nimemsaidia dalali. Swali ambalo sikuuliza ni la amri ya saba: je, aliambiwa thamani yake? Sketi za namna hiyo zimo katika makumbusho ya ng'ambo, na mnunuzi yule alijua hivyo; mjane hakujua.

Tangu hapo, ninapotembelea nyumba za wazee, huomba ruhusa ya kupiga picha vigoda, vibuyu na ngozi za kale, na kuandika ni vya nani na vilitoka ukoo upi, nikikumbuka picha ile ya 1985. Wengi hukubali. Mzee mmoja alikataa. Alisema picha humwonyesha mwizi mahali pa kuingilia, kisha akanikaribisha chai. Sikuwa na jibu la kumpa.

Sketi ya mjane haikupigwa picha.