Gari Lisilofunguliwa: Kitu cha Fumbo na Bunilizi ya Kisayansi ya Kiswahili

Orodha ya bunilizi za kisayansi katika Kiswahili ni fupi, na riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), haikosekani humo. Kutokana na ufupi huo ni rahisi kuhukumu kwamba msomaji wa Kiswahili hakuzoea kukiwaza kitu cha kubuni chenye nguvu asizozielewa. Makala haya yanaipinga hukumu hiyo. Kitu cha namna hiyo msomaji huyo alikuwa nacho muda mrefu kabla ya riwaya.

Kitu cha fumbo, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni kile ambacho masimulizi huonyesha umbo na athari zake lakini huficha kiini chake. Jiwe jeusi katika filamu ya 2001: A Space Odyssey (1968) halielezwi linafanyaje kazi. Katika Roadside Picnic (1972) ya ndugu Arkady na Boris Strugatsky, watu huokota vitu vilivyoachwa na wageni wa kutoka angani, wakavitumia na kuviuza bila kuvielewa. Athari ya vitu vya aina hii katika utamaduni inaweza kupimwa kwa swali ambalo mwanaisimu atalipenda: je, jina limetoka kitabuni? Neno roboti lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R. (1920), na leo mtoto wa Mwananyamala hulitamka bila kujua kwamba lilianzia jukwaani.

Kwa kipimo hicho, Walenisi inatatiza. Dzombo anahukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kurushwa ndani ya chombo cha angani. Anajifunza kukiongoza, akafika Walenisi, kwenye jamii ya usawa. Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1986, hakuhitaji kufundishwa jinsi dola inavyomwondoa mtu machoni pa wenzake. Ninasema chombo kwa makusudi. Kwa Kiswahili, chombo ni chungu, ni jahazi, ni kifaa. Na vyombo vya dola ni polisi na jeshi. Maana hizi zote zimo katika safari ya Dzombo. Hata hivyo, fumbo linakufa pale anaposhika usukani. Tangu hapo chombo ni usafiri tu, na ajabu yote inahamia kwenye jina la nchi, ambalo nalo hufumbuka mara tu msomaji anapolitenga: wale ni sisi. Kisiasa uamuzi huu unaeleweka, kwa kuwa mwandishi anataka tuamini kwamba mtambo wa kuua unaweza kujifunzwa na kugeuzwa. Kisanaa, naona alilipa gharama kubwa. Jina la nchi limebaki vinywani mwa wasomi. La chombo halikumbukwi.

Sasa tutazame mumiani. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaliorodhesha neno hilo kama dawa, kitu cheusi mfano wa gundi kilichosemwa kuletwa kutoka Uajemi, na kuongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa. Baadaye jina likahama kutoka kwenye dawa hadi kwa mtu anayeitafuta, kisha uvumi ukampa mtu huyo gari. Luise White, katika kitabu chake cha 2000, ameyakusanya masimulizi ya Afrika Mashariki juu ya magari ya wazimamoto yanayodaiwa kubeba watu wakanyonywe damu. James Brennan naye amezichambua ghasia za Buguruni za 1959, zilizochochewa na uvumi wa mumiani. Sisi tuliokulia Kinondoni miaka mingi baada ya hapo bado tulionywa tusilikaribie gari lililofungwa madirisha likiegeshwa jioni, na hakuna aliyetueleza ndani mna nini. Nguvu ya gari hilo ilitokana na ukimya huo. Lina umbo na lina athari, lakini hakuna msimulizi aliyewahi kulifungua.

Tena lilizaa msamiati. Brennan amejadili lugha ya unyonyaji katika siasa za Tanzania, na yeyote aliyesoma magazeti ya enzi ya Ujamaa anaikumbuka mirija iliyotakiwa kukatwa. Sidai kwamba mirija ya wanasiasa ilichomolewa moja kwa moja kwenye gari la mumiani. Nadai tu kwamba msikilizaji hakuhitaji kufafanuliwa picha hiyo.

Kuna pingamizi zito. Waliosimulia mumiani hawakuwa wakibuni. Waliamini, na kwa imani hiyo watu walishambuliwa. Kuuita uvumi huo bunilizi kunaweza kuonekana kama kuchezea maumivu. Nalikubali onyo hilo, na ndiyo maana sisemi kwamba mumiani ni bunilizi ya kisayansi. Ninachosema ni kwamba idara zetu za fasihi zimewaachia wanahistoria masimulizi ambayo kanuni zake za kificho ndizo hasa ambazo tanzu hii huzitegemea.

Tukiyarejesha masimulizi hayo mezani, Walenisi inasomeka upya. Mkangi alikuwa mzaliwa wa pwani ya Kenya. Iwapo alikusudia au hakukusudia, msomaji wa pwani anayemwona Dzombo akiingizwa katika chombo cha serikali na mlango ukafungwa, tayari analijua gari linalochukua watu bila kuwarudisha. Hofu yake katika kurasa hizo haitoki angani.