Kamukunji: Uwanja, Neno na Katiba

Historia ya katiba nchini Kenya husimuliwa aghalabu kwa vifungu vya sheria. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliingiza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Desemba 1991 kifungu hicho kikafutwa. Masimulizi hayo ni sahihi, lakini yana upungufu. Hayaelezi matakwa ya umma yalihifadhiwa wapi katika miaka ile ambayo sheria haikuyapa makao. Sehemu ya jibu imo katika msamiati, na mitaa ya mashariki ya Nairobi ina fungu kubwa katika msamiati huo.

Tuchukue kwanza neno "mlolongo". Maana yake ya asili ni safu tu. Katika uchaguzi wa 1988 wapiga kura walipangwa foleni hadharani, na matokeo yaliyotangazwa mahali pengi yakapingana na yale ambayo macho yalikuwa yameyaona. Tangu hapo neno hilo limebeba aibu ambayo sheria ya uchaguzi haikuitaja.

"Saba Saba" nayo ina mkasa wake. Nchini Tanzania ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Chama hicho kilifanywa cha pekee Tanzania Bara mwaka 1965. Nchini Kenya maneno yayo hayo yaligeuka kuwa jina la upinzani dhidi ya chama kimoja. Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameitisha mkutano tarehe 7 Julai 1990 katika uwanja wa Kamukunji, karibu na Shauri Moyo na Gikomba. Serikali iliupiga marufuku na kuwaweka wawili hao kizuizini siku chache kabla. Watu walikwenda hata hivyo, wakatawanywa na polisi. Ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa na roho zikapotea. Tarehe 16 Novemba 1991 FORD ilijaribu tena mahali pale pale, ikazuiwa tena. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilifutwa.

Jina la uwanja huo limekuwa nomino ya kawaida: watu "huitisha kamukunji", na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huyaita hivyo makutano yao. Kiini cha maana yake ni mkusanyiko wa watu walio sawa, usiosubiri ruhusa ya mkubwa.

Hapa ndipo penye hatari. Wabunge nao huita "kamukunji" vikao vyao visivyo rasmi, ambavyo mara nyingine hufanywa faraghani. Neno lililotoka uwanjani limeingizwa ndani, na mlango ukafungwa. Wakati huohuo, ingawa Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inalinda haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha, tarehe 7 Julai 2025 barabara za kuingilia katikati ya Nairobi zilifungwa na polisi.

Haki iliyoandikwa huhitaji jina ambalo watu watalitumia kuidai. Kwa hiyo mtunga kamusi atakayeliingiza neno "kamukunji" hana budi kuzipanga maana zake kwa haki: uwanja kwanza, mkusanyiko wa umma pili, kikao cha wabunge mwisho. Akiipindua taratibu hiyo, atakuwa ameufunga uwanja mara ya tatu.