Kucheza na Kuchezewa: Mipaka ya Uigizaji wa Kutisha katika Mashetani ya Ebrahim Hussein

Ikisiri

Makala hii inaihakiki tamthilia ya Mashetani (1971) kwa kuanzia kwenye swali la kiutendaji: mwigizaji anayecheza shetani mbele ya hadhira ambayo sehemu yake inaamini kuwa mashetani wapo anafanya nini hasa? Kwa kuilinganisha tamthilia hiyo na nyumba za kutisha za Ulaya na Marekani, na kwa kuchunguza mnyambuliko wa kitenzi cheza, inadaiwa kuwa usomaji uliozoeleka, unaomwona Shetani kuwa ishara ya ukoloni, unaitengenezea kazi hii mlango wa kutokea ambao mtunzi hakuuweka.

1. Kiingilio na mlango

Katika miji kadhaa ya Ulaya na Marekani, mtu hulipa kiingilio ili atishwe. London Dungeon ilifunguliwa jijini London mwaka 1974. Bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm huko California ilianza msimu wake wa kutisha mwaka 1973. Na mji wa Salem, Massachusetts, ambao mwaka 1692 uliwanyonga watu 19 kwa kosa la uchawi, leo unapokea watalii wanaokuja kuwaona wachawi wa kuigizwa. Mgeni hupitishwa katika vyumba vyenye giza, na waigizaji waliovaa kama wachawi, maiti au mazimwi humrukia kutoka pembeni. Hupiga kelele, hushika mkono wa mwenzake, kisha hutoka nje akicheka.

Kicheko hicho cha mwisho ndicho kinachouzwa. Biashara hiyo imesimama juu ya mapatano ambayo hayasemwi: mgeni anajua kuwa mchawi ni mwajiriwa, mwajiriwa anajua kuwa mgeni anajua, na kwa kawaida haruhusiwi kumgusa. Zaidi ya yote, mlango wa kutokea upo na unafahamika. Hofu inakodishwa kwa muda, na muda ukiisha inarudishwa. Salem ni mfano mzito zaidi, kwa kuwa huko kinachoigizwa kiliwahi kuua watu; lakini karne tatu zimepita, na umbali huo nao ni aina ya mlango.

Jijini Dar es Salaam mapatano hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa yapo tayari. Katika ukumbi wa maonyesho wa Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya eneo la Posta, mwigizaji anayetokea gizani akiwa shetani anaweza kuwa na mbele yake profesa anayemwona kama sitiari, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye asubuhi hiyo amefukiza ubani dukani, na mwanafunzi ambaye shangazi yake amewahi kupandisha pepo. Wote wamepita mlango mmoja, lakini hawakuweka mapatano mamoja. Hadhira ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kufikiriwa Mashetani inaposomwa.

2. Kitenzi chenyewe

Uhakiki wa drama ya Kiswahili umetumia nguvu nyingi kujadili istilahi: tamthilia, tamthiliya, mchezo wa kuigiza, sanaa za maonyesho. Neno lililo chini ya zote, mchezo, halikupewa uzito unaostahili, pengine kwa sababu linaonekana la kitoto. Hata hivyo, watu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao, na katika kilinge hucheza pepo. Matumizi haya ya mwisho si ya utani. Mwele anayecheza pepo hafanyi mzaha wala haigizi kwa maana ya kudanganya. Yeye ni kiti, na aliyekaa juu yake ndiye anayecheza. Farouk Topan, aliyechunguza nyimbo za pepo za Mombasa katika tasnifu yake ya uzamivu, alionyesha wazi jinsi sanaa na tiba zinavyokaa pamoja katika shughuli hiyo.

Mnyambuliko wa kitenzi hiki unasema mengi zaidi. Kauli ya kutendea, chezea, inaweza kuwa na maana ya kawaida (kuchezea mchanga) au ya kuharibu (kuchezea mali ya umma). Kauli ya kutendewa, chezewa, katika mazungumzo ya Tanzania imebeba maana mahususi: mtu ambaye biashara yake imedorora, au ndoa yake imevunjika bila sababu inayoeleweka, husemwa kuwa amechezewa, au kwamba nyota yake imechezewa. Amerogwa. Sentensi hiyo haimtaji mtenda. Kisarufi nafasi yake ipo, kwa kuwa ingewezekana kusema amechezewa na fulani; kimatumizi huachwa wazi, na uwazi huo ndio unaotisha. Anayesikia hubaki akiwahesabu majirani.

Ipo kauli ya tatu inayohitajika hapa, chezesha. Refa huchezesha mpira. Katika ngoma ya pepo, fundi ndiye anayeshika nafasi hiyo: humpandisha pepo, humuuliza jina lake na anachotaka, humridhisha, kisha humshusha. Mwele hawezi kujishusha mwenyewe. Mtu anayecheza bila wa kumchezesha yuko karibu sana na kuchezewa, na hapo ndipo Kitaru wa Hussein anapojikuta.

3. Chini ya mbuyu

Vijana wawili wako chini ya mbuyu, mti ambao msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa unahusishwa na nini. Wanacheza: Juma ni Shetani, Kitaru ni Binadamu. Ndani ya mchezo Binadamu anamuua Shetani, na kifo hicho hakimalizi lolote. Baadaye Kitaru anaugua ugonjwa usioonekana mwilini, ugonjwa unaoifanya familia yake itafute daktari. Familia hiyo inapanda ngazi katika Dar es Salaam ya baada ya uhuru. Ya Juma imeshuka, ikiwa imepoteza hadhi na mali katika mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964. Urafiki wa vijana hawa unaanza kubeba mzigo wa historia ambayo hawakuichagua.

Usomaji uliotawala madarasani ni rahisi kuueleza. Shetani ni mkoloni, Binadamu ni Mwafrika, kuuawa kwa Shetani ni uhuru, na kutokufa kwake ni ukoloni mamboleo. Usomaji huu hauna kosa. Hussein aliandika katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, na haiwezekani kumsoma kana kwamba siasa haikumhusu. Tatizo ni kuwa usomaji huo unakamilika mapema mno. Ukishajibu kwamba Shetani ni ukoloni, huna tena haja ya kuuliza kwa nini Kitaru anaugua. Ukoloni mamboleo ungeweza kumfukarisha, kumnunua au kumpumbaza. Lakini kinachomlaza kitandani ni mchezo, tena mchezo alioucheza yeye mwenyewe, kwa hiari, na rafiki yake.

Istiara ikitumiwa hivyo inafanya kazi ya mlango wa nyumba ya kutisha. Mwanafunzi huingia gizani, humwona Shetani, hushtuka kidogo, kisha huambiwa na mwalimu kwamba yule alikuwa ukoloni, na anatoka nje salama akiwa na jibu la mtihani. Tamthilia yenyewe haimruhusu Kitaru kutoka kirahisi hivyo. Alicheza, akachezewa. Wala hapakuwa na wa kuwachezesha: hakuna fundi chini ya ule mbuyu, hakuna mzee, hakuna anayejua namna ya kumshusha aliyepandishwa. Daktari anakuja akiwa amechelewa, na elimu yake haikutengenezwa kwa ajili ya kilinge.

Inaweza kupingwa kwamba Hussein, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu ukuaji wa drama Afrika Mashariki katika Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin, alijua vizuri mbinu za Bertolt Brecht, na kwamba mchezo ndani ya mchezo ni njia ya kumtenga mtazamaji na tukio ili alipime kwa akili badala ya kuzama ndani yake. Pingamizi hili lina nguvu. Lakini mbinu ya Brecht hudhani kwamba mtazamaji akionyeshwa kuwa huyu ni mwigizaji tu, uchawi wa jukwaa utavunjika. Katika utamaduni wa kilinge, kumwonyesha mtazamaji kwamba huyu ni Juma na bado Shetani anasema kupitia kinywa chake hakuvunji chochote. Ndivyo pepo anavyotokea siku zote: kila mtu kilingeni anamjua mwele kwa jina, na wengine wamekula naye asubuhi. Kwa hiyo mbinu inayomtoa nje mtazamaji wa Berlin inaweza kumwingiza ndani zaidi mtazamaji wa Dar es Salaam. Haiaminiki kuwa mtunzi wa Kinjeketile (1969), aliyekwisha kuonyesha mtu anayetwaliwa na Hongo na asiweze baadaye kuyarudisha maneno aliyoyatamka, hakuliona hilo.

4. Mashetani yanayouzwa

Mtu anaweza kusema kwamba jiji hili limekwisha kuzoea kuwauza mashetani bila madhara. Mtindo wa kuchonga uitwao shetani, unaohusishwa na mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa na mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam Mohamed Peera, ulianza miaka ya 1950. Na hadi leo sura zake zenye jicho moja na viungo vilivyopinda hupangwa katika maduka ya Posta zikisubiri wageni. Upande wa Kariakoo umekuwa kitovu cha usambazaji wa filamu za video, zikiwamo za kutisha za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta, zilizotoka miaka ya 2000; ya kwanza ilichukua jina lake kutoka Kinyakyusa, na ya pili inasimulia jini wa kike anayempenda binadamu. Filamu hizo zilitazamwa sana, na wasomi walizidharau zaidi ya zilivyostahili.

Lakini kinyago na kanda ya video vina kitu ambacho jukwaa halina. Kinyago kimekufa: ni mpingo, kinafungwa kwenye karatasi na kupakiwa sandukuni. Jini wa kwenye skrini alishaondoka siku kamera ilipozimwa. Mwigizaji wa jukwaani yuko hai, anapumua hewa ileile, na akimaliza atapanda daladala moja na waliomtazama.

Kwamba jambo hili si la nadharia tupu, historia ya karibu inathibitisha. Tetesi za mumiani zilisababisha ghasia Buguruni mwaka 1959. Mwaka 1995, wakati hofu ya popobawa ilipoenea Zanzibar, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliodhani kuwa yeye ndiye popobawa. Hakuwa amecheza chochote. Alipewa uhusika bila kuombwa, na hapakuwa na wa kusimamisha mchezo. Vikongwe waliouawa Usukumani kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, aghalabu kwa moshi wa jikoni, nao walivalishwa uhusika kwa namna hiyohiyo.

Sheria yenyewe inasita mahali hapa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Waingereza na ambayo haikufutwa baada ya uhuru, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejionyesha, kwa maneno au kwa vitendo, kuwa ana nguvu za uchawi. Ikisomwa neno kwa neno, mwigizaji wa mchawi hayuko mbali na kosa hilo, kwani kujionyesha hivyo ndiyo kazi yake. Bila shaka hakuna hakimu mwenye busara atakayeisoma hivyo. Hata hivyo, matini hiyo ya kisheria inakubaliana na kitenzi cheza katika jambo moja: haikuchora mstari unaoonekana kati ya kujifanya na kuwa.

5. Swali la mtayarishaji

Kinachofuata kutoka katika usomaji huu ni cha kiutendaji. Mtayarishaji atakayeipandisha Mashetani jukwaani leo atalazimika kuamua mambo ambayo maelezo ya istiara hayamsaidii kuyaamua. Je, mwigizaji wa Juma avue vazi la Shetani mbele ya hadhira, au nyuma ya pazia? Akilivua mbele yao, vazi liwekwe wapi katika maonyesho yanayofuata: liondolewe, au libaki pembeni ya jukwaa wakati Kitaru amelala nyumbani kwao? Taa za ukumbi ziwashwe lini?

Gumu zaidi ni lile la mwisho. Ada ya kumaliza onyesho, waigizaji wote kujipanga na kuinama huku wakipigiwa makofi, ni ya kukopa, na katika maonyesho mengi haina madhara. Hapa ina uzito. Shetani akirudi akitabasamu, akishikana mikono na Binadamu, hadhira inapewa kicheko cha nyumba ya kutisha ambacho tamthilia nzima imekinyima. Asiporudi, watu watatoka kwenda kituoni Posta Mpya wakiwa wamebaki na deni. Upo uwezekano wa tatu, ambao desturi ya kilinge inaufahamu: atokee mtu mzima, asiyekuwa mhusika, amwite kila mwigizaji kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka aitike. Hussein hakuliandika tendo hilo. Mtayarishaji atakayeliongeza atakuwa amempa Kitaru fundi ambaye mtunzi alimnyima, na itabidi aeleze kwa nini.