Asili ya Neno 'Mvua' na Upanuzi wa Maana Yake

Ni rahisi kushawishika kwamba nomino 'mvua' imetokana na kitenzi 'vua', kwa kuwa sauti zao zinalingana. Hoja hiyo haisimami. Kwanza, lau m- ingekuwa kiambishi cha mtenda, tungesema 'mvua ananyesha', na wingi wake ungekuwa 'wavua'. Tunasema 'mvua inanyesha' na 'mvua zinanyesha'. Basi m- hii ni king'ong'o cha ngeli ya I-ZI, kama kile cha 'mbegu'.

Pili, upo ushahidi wa lugha jamaa: Kigiriama na Kichewa 'mvula', Kizulu 'imvula', Kinyarwanda 'imvura', Kikuyu 'mbura', Kikamba 'mbua'. Kiswahili kimedondosha l ya kati, kama katika 'njaa', ambayo Wachewa huiita 'njala'. Kwa upande mwingine, 'vua' ya samaki ni 'vuba' katika Kiganda. Hapo kilichodondoka ni b. Nayo 'vua' ya nguo ni 'vula' katika Kichewa, na jamaa yake ni 'vaa' (Kichewa 'vala'). Mfanano wa leo, basi, ni matokeo ya udondoshaji wala si dalili ya nasaba moja.

Jambo hili lina uzito. Wanaokipima Kiswahili kwa mikopo yake hutaja 'radi', 'tufani' na 'theluji', yote ya Kiarabu. Lakini theluji haianguki pwani, na 'radi' imekuja kukaa kando ya 'ngurumo'. Maneno ya msingi, yaani 'mvua', 'wingu', 'jua' na 'upepo', ni ya Kibantu. Anayesahau hayo huhukumu nyumba kwa mapambo yake.

Imebaki maana. Mtu aliyehukumiwa kifungo cha miaka mitano husemwa kuwa amepewa 'mvua tano'. Aghalabu matumizi haya hudharauliwa kuwa lugha ya mitaani. Hata hivyo, katika Kilingala 'mbula' ni mvua na pia ni mwaka. Hatudai kwamba Kiswahili kimerithi maana hiyo. Yamkini kila lugha imeifikia kwa njia yake, kwa kuwa mkulima huhesabu miaka kwa misimu ya mvua. Lakini njia yenyewe ni ya kawaida katika lugha zetu, na mtunga kamusi hana sababu ya kuitenga maana hii na kitomeo cha 'mvua'.