Watu wa Chuo na Watu wa Giningi: Said Ahmed Mohamed katika Historia ya Chuo Kikuu cha Moi

Historia za vyuo vikuu vyetu aghalabu huandikwa kwa utaratibu mmoja. Huanza na tume, ikaja sheria, yakafuata majengo. Na watu wanaotajwa huwa ni wale waliokuwa na vyeo. Historia ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, haikwenda kinyume cha utaratibu huo. Tunaelezwa kwamba tume iliyoongozwa na Colin Mackay ilitoa ripoti yake mwaka 1981, kwamba chuo kiliundwa kwa sheria mwaka 1984, kwamba Naibu Chansela wa kwanza alikuwa Profesa Douglas Odhiambo, na kwamba wanafunzi wa mwanzo, 83 kwa jumla, walikuwa wa taaluma ya misitu waliohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakuu wametiwa katika historia kwa majina. Wanafunzi wametiwa kwa hesabu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utaratibu huo unaidhulumu fasihi ya Kiswahili. Mfano wetu ni mwalimu mmoja aliyefundisha katika chuo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980, naye ni mwandishi Said Ahmed Mohamed. Hoja yetu ni kwamba hatuwezi kuielewa barabara kazi yake ya miaka hiyo pasipo kuwafikiria watu waliokuwa mbele yake darasani.

Kwanza tujiulize ni haja gani iliyomfikisha mwana wa Unguja katika nyanda za juu za Uasin Gishu. Tume ya Mackay haikupendekeza chuo kikuu cha pili peke yake. Ilipendekeza pia mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na chini ya mfumo huo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wakahitajika kwa wingi, na walimu wa walimu wakahitajika kabla yao. Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa riwaya za Asali Chungu, Utengano na Dunia Mti Mkavu, na alikuwa amefanya masomo ya uzamivu huko Leipzig. Baada ya Eldoret alikwenda kufundisha Osaka, kisha Bayreuth. Ndiyo maana katika wasifu wake Eldoret huonekana kama kituo cha njiani, mahali pa kupumzisha mizigo.

Mtazamo huo umeimarishwa na mazoea ya wahakiki wengi ya kuihusisha fasihi ya Kiswahili na pwani na visiwa tu. Eldoret ni mji wa ngano na miwati. Hata jina lake la mitaani, Sisibo, limetokana na namba 64 ya kiwanja ulipoanzia. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeingia chuoni hapo katika miaka hiyo aghalabu alikuwa na lugha nyingine ya nyumbani. Kiswahili alikuwa amekipata shuleni na sokoni. Huyu si yule msomaji wa Unguja ambaye amelisikia jina la Giningi tangu utotoni.

Tukiangalia tarehe, tunaona kwamba Kiza Katika Nuru na Pungwa zilitoka mwaka 1988, na Tata za Asumini na Kivuli Kinaishi mwaka 1990; na zote zilichapishwa nchini Kenya. Hatudai kwamba ziliandikwa Eldoret. Kazi ya sanaa haifuati kalenda ya mwajiri, na mbegu yaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuchipua. Tunachodai ni kwamba kazi hizo ziliingia ulimwenguni kupitia mikono ya wasomaji wa Kenya, na kwamba mwandishi wake katika miaka hiyo alikuwa akiwafundisha baadhi yao.

Hili lina uzito wa pekee katika Kivuli Kinaishi. Tamthilia hiyo inatupeleka Giningi, mji wa wachawi katika masimulizi ya visiwani, ambako Bi Kirembwe anatawala na watu wanapumbazwa kwa unga wa ndere. Anayekataa kupumbazwa ndiye anayehesabiwa kuwa na kasoro. Msanii ameacha hapa ile njia ya uhalisia aliyoipita katika Utengano, akachukua ngano na uchawi kuwa chombo cha kuhakiki utawala. Baadhi ya wasomaji huyaona mabadiliko haya kuwa ni suala la fani tu. Sisi tunaona kwamba fani hiyo ilikuwa pia njia ya kusema yasiyosemeka waziwazi.

Tuikumbuke Kenya ya mwaka 1990. Tangu 1982 sheria ilikuwa imeruhusu chama kimoja tu, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi Desemba 1991. Alamin Mazrui, mwalimu wa chuo kikuu na mwandishi wa Kiswahili, aliwekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuchapishwa tamthilia yake Kilio cha Haki. Rais ndiye aliyekuwa Chansela wa vyuo vikuu vya umma, na chuo cha Eldoret kilibeba jina lake. Wananchi wote walihimizwa kufuata nyayo. Sasa mwanafunzi wa chuo hicho anapewa kitabu kiitwacho Kivuli Kinaishi. Nyayo na kivuli vyote viwili ni alama za mtu, lakini nyayo hufuatwa, na kivuli hufuata. Nyayo hufutika kwa mvua, na kivuli hakimwachi mwenyewe maadamu kuna mwanga. Msomaji wa mahali hapo hakuhitaji mhakiki wa kumfasiria.

Huenda tukapingwa kwamba Giningi ni ya Unguja na Pemba, na kwamba mwandishi alikuwa na maumivu ya kwao ya kuyasimulia. Hatukatai. Lakini istiara nzuri haina kitambulisho cha uraia. Kwa kuwa mwanafunzi wa Eldoret hakuijua Giningi ya masimulizi, alikuwa huru kuijaza kwa nchi aliyoijua. Ugeni wa lugha na wa visa, ambao walimu huuona kuwa kikwazo, hapa uligeuka kuwa nafasi ya fikra.

Hata hivyo uhakiki wa haki hauna budi kutaja udhaifu. Watu wa Giningi hawana uzito wa nyama na damu alionao Maimuna katika Utengano. Maimuna tunamjua kwa makosa yake na kwa njia aliyopita. Umma wa Giningi tunaujua zaidi kwa kulala kwake. Istiara imempa mwandishi usalama, lakini imemnyang'anya sehemu ya ule ukaribu na mtu mmoja mmoja uliokuwa nguvu yake kubwa. Gharama hiyo aliendelea kuilipa kwa hiari, kwani Amezidi, iliyotoka mwaka 1995, ilikwenda mbali zaidi katika njia hiyohiyo.

Tukirudi kwenye historia ya chuo, tutaona kwamba suala hili halimhusu mwandishi peke yake. Tamthilia haikamiliki mpaka itamkwe na watu. Kama wanafunzi wa chuo hicho waliisoma kwa sauti darasani, kama wanachama wa vyama vya Kiswahili na vya maigizo waliijaribu jukwaani, ni nani aliyeigiza Bi Kirembwe, na hadhira ilicheka wapi, ikanyamaza wapi? Maswali haya hayajibiwi na ripoti za tume wala na orodha ya Manaibu Chansela. Yanajibiwa na waliokuwapo, na waliokuwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1984 sasa wamefikia sitini na zaidi.

Kwa hiyo idara zetu za lugha zina kazi ya kufanya mapema. Zikusanye orodha za michezo iliyoigizwa, daftari za vyama na kumbukumbu za wahitimu, pamoja na za makarani waliopiga chapa miswada na wasimamizi wa kumbi. Chuo kinachowahifadhi wakuu wake tu kitakuwa na historia ya utawala. Historia ya fikra wanayo wale waliotajwa kwa hesabu, nao wangali hai kuulizwa majina yao.