Fulana na Shilingi 10

Mwishoni mwa 2018 nilitia sahihi ombi moja la mtandaoni nikiwa ndani ya matatu, kati ya Roysambu na Globe. Ombi lilitaka Disney waachie maneno "Hakuna Matata", ambayo walikuwa wameyasajili Marekani kama alama ya biashara. Lilianzishwa na mwanaharakati wa Zimbabwe, na tulilitia sahihi zaidi ya watu 100,000. Nilishuka nikijiona nimekikomboa Kiswahili. Nauli ilikuwa hamsini. Ukombozi ulikuwa wa bure.

Mwaka uliofuata nikatazama The Lion's Share, filamu ya hali halisi iliyotoka Netflix, na ile fahari yangu ikayeyuka. Filamu haikuwa mbaya. Ila ilinionyesha kwamba nilikuwa nimempigia kelele mwizi wa ndoo huku nyumba yenyewe ikihamishwa kupitia mlango wa nyuma.

Tuanze na ndoo. Ombi la Disney liliingia 1994, mwaka wa The Lion King, na usajili ukakamilika 2003. Unahusu nguo. Haumzuii mtu kusema "hakuna matata", kuyaimba wala kuyaandika kitabuni. Unamzuia mtu kuuza fulana Marekani akiyatumia maneno hayo kama jina la bidhaa yake. Bado inaudhi, sikatai, hasa ukikumbuka Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameyapeleka maneno hayo mbali na "Jambo Bwana" tangu 1982. Lakini kusema kweli, hapa mtaani nani husema hakuna matata? Sisi ni "hakuna noma". Matata tunayo, na tunawaachia watalii waimbe kwamba hatuna.

Sasa nyumba. Timon na Pumbaa, wale wawili wanaoimba "Hakuna Matata", ndio hao hao wanaoimba "The Lion Sleeps Tonight" kwenye filamu hiyo. Wimbo huo ulizaliwa Johannesburg mwaka 1939, wakati Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds waliporekodi "Mbube", yaani simba kwa Kizulu. Linda alilipwa shilingi 10. Santuri ikafika Marekani, Pete Seeger akasikia "uyimbube" kama "wimoweh", na mwaka 1961 kundi la The Tokens likauimba kwa Kiingereza na kushika namba moja. Linda alikufa 1962, maskini.

Kilichowasaidia mabinti zake baadaye hakikuwa hasira. Ilikuwa sheria kuukuu ya mkoloni. Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911 ilisema kwamba hata mtunzi akiuza wimbo wake, miaka 25 baada ya kifo chake haki zinarudi kwa warithi. Hesabu inakuja 1987. Kwa hiyo mwaka 2004 warithi wakaishtaki Disney Afrika Kusini. Ila kampuni ya kigeni huiburuti hivi hivi kwenye korti yako. Lazima iwe na mali pale. Mali ya Disney pale ilikuwa gani? Alama za biashara. Mahakama ya Pretoria ikaruhusu zaidi ya 200 zishikiliwe, Mickey Mouse na Donald Duck wakiwemo, kama mbuzi wa jirani anayefungwa mpaka deni liongelewe.

Hapo nilicheka peke yangu. Kile chombo nilichokipigia kelele ndani ya matatu ndicho kamba waliyotumia mawakili. Mwaka 2006 kesi ikamalizwa nje ya korti: Linda akatambuliwa kama mtunzi mwenza, na warithi wakapewa mrabaha kuanzia 1987. Kiasi hakikutangazwa.

Filamu nyingine ingeishia hapo, watu wakumbatiane, muziki upande. Hii haikuishia hapo, na ndiyo sababu naipenda. Inafuata pesa baada ya ushindi, inawaacha mabinti waulize zilipita wapi na mbona zilizowafikia ni kidogo vile. Udhaifu wake ni kwamba kamera inamfuata sana Rian Malan, mwandishi aliyeifichua habari hii mwaka 2000. Dhamira yake inamsumbua, sawa, lakini mara nyingi nilitaka anyamaze kidogo ili wenye baba wao waongee. Tunaishia kumjua msimuliaji kuliko tunavyowajua wenye hasara.

Nakiri nina sababu yangu ya kuwa mkali. 2021 niliandikia kampuni moja ya hapa mjini maneno ya tangazo la redio. Elfu nane, M-Pesa, siku hiyo hiyo. Karatasi ilisema nimeuza haki zote, nchi zote, kwa muda wote. Nilikuwa na deni la nyumba. Nilisaini nikiwa nimesimama. Baadaye binamu yangu aliye Dubai akanitumia klipu: sauti ngeni, maneno yangu. Sikuibiwa, niliuza. Hapo ndipo panauma. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inataka mauzo ya namna hiyo yawe kwa maandishi, na maandishi yapo, yana sahihi yangu.

Ndiyo maana ile sheria ya 1911 inanikaa akilini. Haikumwita mnunuzi mwizi. Ilikubali tu kwamba mtu mwenye njaa anaweza kusaini, na kwamba njaa yake isiwafunge watoto wake milele.

Mdogo wangu hutengeneza biti chumbani kwetu. Wiki iliyopita aliletewa mkataba kutoka nje, kurasa sita. Tuliuketia usiku mzima na chai, mstari kwa mstari, tukaomba maneno matatu tu yaondolewe: "kwa muda wote". Hawajajibu. Naye ameshaniuliza mara mbili kama tumeharibu.