Fundi Aliyekaa Kwanza

Fundi anayeijua kazi ya jiko haji asubuhi. Huja saa kumi na moja jioni, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa na mama mwenye nyumba akiwa anawasha moto, kisha huomba kigoda na kukaa kando ya mlango, mahali ambapo hamzuii mtu kupita. Nilimwona mmoja wa aina hiyo upande wa Olare, huku Ainabkoi, katika boma ambamo watoto walio mjini walikuwa wamechanga pesa ili jiko la mama yao litengenezwe upya: ukuta wa mbao ubomolewe, sakafu imwagwe simiti, sinki liwekwe, moshi upewe njia ya kutokea. Fundi alikuwa ameitwa atoe makadirio. Futi yake ya chuma ilibaki mfukoni. Alipewa chai, akainywa polepole, macho yake kwenye miguu ya mama.

Ndiyo, miguu. Aliangalia ni mara ngapi anavuka kutoka kwenye moto hadi kwenye ndoo ya maji, mfuniko anauweka wapi akishafunua sufuria, mwiko anaushika kwa mkono gani, akitafuta chumvi anageukia upande upi. Maswali yalikuja baadaye, tena machache. "Mama, mvua ikinyesha sana, huku ndani panavuja wapi?" "Krismasi mnakuwa wangapi hapa?" "Na maziwa ya jioni yanalala wapi?" Kijana wa nyumba, aliyekuwa na picha za majiko kwenye simu yake, alikuwa ameshaanza kuchoka kusubiri. Fundi, mzee yule, hakumwangalia.

Ugali ulipokaribia kuiva, aliokota fito, akamwomba mama aendelee kusonga kama kawaida yake, akaikata fito alama kwa kisu. Mama alipohamia kwenye mboga, akakata alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili kulikuwa na karibu shibiri nzima. Anayesonga ugali wa watu wengi husukuma kutoka begani, kwa hiyo moto unapaswa kuwa chini. Anayekatakata sukuma wiki hufanya kazi kwa kiwiko, kwa hiyo meza inapaswa kuwa juu. Majiko tunayojengewa siku hizi yana kimo kimoja kutoka ukuta hadi ukuta, kimo kilichoamuliwa na kiwanda kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusonga chochote. Kisha tunashangaa kwa nini mama zetu wanalalamikia mgongo.

Si kwamba wakubwa wa dunia hawakulifikiria jambo hili. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke msanifu kutoka Austria, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi wa Frankfurt, chumba cha chini ya mita mbili kwa karibu mita tatu na nusu. Alilipanga baada ya kuchunguza mwendo wa mpishi hatua kwa hatua, na majiko ya namna hiyo yakajengwa kama 10,000. Mkubwa wake katika mradi huo, Ernst May, ndiye aliyekuja Tanganyika mwaka 1934 akalima karibu na Arusha, kisha akafungua ofisi Nairobi, akachora majengo hapa Afrika Mashariki, ikiwemo hoteli ya Oceanic ya Mombasa. Mzee wa Olare hajawasikia hao wawili. Tofauti ni kwamba Bi Lihotzky alichora jiko moja kwa ajili ya wanawake 10,000, mzee anachora moja kwa ajili ya mmoja, na mpishi mwenyewe yumo humo ndani anapika.

Huku kwetu kuna hesabu nyingine ambazo mtu wa bondeni hazimjii. Ainabkoi iko juu. Kituo cha reli cha Timboroa, jirani hapo, kiko zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakiwa kama nyuzi 91 tu. Kwa hiyo githeri ya huku si githeri ya Kisumu. Maharagwe hukaa motoni hadi mtu akate tamaa. Jiko la Ainabkoi linahitaji mdomo wa pili nyuma ya ule wa kwanza, ambapo sufuria ya maharagwe itakaa mchana kutwa ikila joto linalokwenda zake kwenye bomba la moshi. Linahitaji kuni kavu zilizolala ndani, maana kuni za nje mwezi wa Julai zina maji kuliko kisima. Mlango nao uuepe upepo wa jioni. Jikoni Mombasa dirisha ni la kutoa joto. Huku, jioni ya Julai, familia nzima hujibana jikoni kwa sababu sebuleni hakukaliki.

Kogo wangu, yaani bibi yangu, alikuwa na jiko lililojua hayo yote. Lilisimama peke yake nyuma ya nyumba, la udongo, na ndani, juu ya moto, kulikuwa na dari ya fito tuliyoiita tabut. Humo ndimo yalimokuwa maisha ya boma. Wimbi la mbegu lilifungwa kwenye vitita, maharagwe ya mbegu yakakaa ndani ya vibuyu, kuni za wiki inayofuata zikapangwa kwa safu, na kwenye kona yenye moshi mwepesi zilining'inia sotet, vibuyu vya maziwa ya mursik, zikisubiri kusuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mahindi ya mbegu tulikuwa tumeshazoea kuyanunua kwa kampuni ya Kenya Seed. Vingine vyote vilipanda tabut. Moshi ulivipitia kila siku, na mdudu hakudiriki.

Aliyeijenga dari ile alipata kimo chake kwa kumsimamisha kogo chini yake na kumwambia anyooshe mkono: ncha za vidole zikigusa fito, basi hapo hapo. Ikiwa juu zaidi, moshi unafika umepoa na mbegu zinaliwa. Ikiwa chini zaidi, siku moja cheche itapanda. Kogo alipozeeka na kupungua kimo, lililetwa jiwe pana la kukanyagia likawekwa kando ya moto, na sisi wajukuu tukaligombania kama kiti. Kila Jumamosi alilipaka jiko hilo kinyesi cha ng'ombe na majivu, kuanzia kuzunguka moto hadi mlangoni, akirudi kinyumenyume asiache unyayo. Sijaona vigae vilivyopangwa kwa uangalifu ule.

Siusifu moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kogo alikohoa tangu nilipomjua. Wale mafundi waliojenga majiko ya udongo yenye bomba, na akina mama waliofundishana kuyajenga vijijini, walifanya kazi ya kushukuriwa. Ninachokililia ni kingine. Jiko la kogo liliporekebishwa, moshi ulitolewa na tabut ikatolewa pamoja nao, na hakuna aliyeuliza mbegu zitalala wapi. Zililala kwenye gunia chini ya kitanda. Mwaka uliofuata wimbi lilikuwa na vumbi la fukusi.

Halafu kuna majiko ambayo hayakurekebishwa bali yalichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Huku Ainabkoi na Burnt Forest hilo halihitaji kuelezwa. Mwaka 2008 watu waliporudi mashambani walianza na chumba cha kulala, na jiko likawa turubai juu ya miti minne kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyokusudia. Mengi ya majiko ya kizazi hiki yaliinuliwa kwa haraka ya miaka ile, na ndiyo yanayobomolewa sasa.

Nirudi kwa mzee na daftari lake la makadirio, maana hapo ndipo ufundi wake unapodharauliwa zaidi. Watu hudhani bajeti ni kujumlisha bei za dukani. Yeye aligawanya ukurasa mara tatu: vya kununua, vilivyomo bomani, vya kungoja. Katika vya kununua alitia simiti, mchanga wa lori, bomba la moshi, sinki. Katika vilivyomo bomani aliandika nguzo za saiprasi za jiko la zamani, baada ya kuzigonga moja moja kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mbao iliyokaa moshini miaka thelathini, alisema, usiitoe kwa ajili ya mbao ya jana. Mabati yenye masizi yataezeka banda la kuku. Mlango wa zamani utakwenda stoo. Wakati serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, kuanzia Februari 2018 hadi 2023, mafundi wa namna hii waliendelea na kazi kwa sababu walishazoea kuihesabu mbao iliyopo kabla ya ile iliyoko sokoni.

Katika vya kungoja aliweka kabati na vigae. Sakafu na bomba la moshi vitengenezwe Desemba na Januari, wakati wa jua, mahindi yakishauzwa. Kabati lingoje viazi, au mahindi ya mwakani. Na chini ya ukurasa alitenga sehemu moja ya kumi, akaipigia mstari, akaiita pesa ya mvua. Kijana akauliza ni ya kununulia nini. "Ya kitu ambacho bado hatujakiona," mzee akajibu, akafunga daftari.

Kijana alikuwa na makadirio mengine yaliyokuja kwa simu kutoka kwa fundi ambaye hakuwahi kukanyaga boma lile. Yalikuwa yamepangwa vizuri, na jumla yake ilikuwa imekolezwa wino: dari ya jipsamu, kaunta ya graniti, taa za kufichwa. Kuni hazikutajwa. Majiko ya hivyo nimeyaona mengi kati ya Kapsoya na Timboroa. Yanang'aa, tena hukaa safi mwaka mzima, na siri ya usafi huo iko nyuma ya nyumba: kibanda cha mabati kisicho na bomba, ambamo mama anapika ugali na maharagwe amechuchumaa, macho yakimtoka machozi. Akina mama hao waliahidiwa gesi. Julai 2021 gesi ikatozwa kodi ya asilimia 16, mtungi ukawekwa kando kwa ajili ya chai ya wageni, na ijapokuwa kodi ile imeshaondolewa, kibanda hakijabomolewa. Familia imelipia majiko mawili na haina hata moja, na hesabu hiyo haimo katika makadirio ya mtu yeyote.

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi wanajua kusoma ramani, kuchanganya zege kwa kipimo, kuunganisha mabomba yasivuje. Hupewa mtihani wa gredi na kupata cheti, nami siwadharau, kwa kuwa kuta zao hazipindi. Ila kukaa kwenye kigoda saa mbili na kumtazama mpishi hakuna mtihani wake. Na mwenye nyumba naye hailipii kazi hiyo, kwa kuwa hakionekani kilichofanyika. Wazee walioijua wanapungua, na wanafunzi wao wanajifunza upesi kwamba mteja hulipia matofali.

Basi wewe unayepanga kumtengenezea mama yako jiko Desemba hii, usitume picha kwanza. Mtafute fundi atakayekuja jioni, mwambie mama apike chakula cha kila siku, na umlipe fundi huyo ujira wa siku nzima kwa kukaa tu, hata kama ataondoka bila kutoa futi mfukoni.